Figo ya Kaka Yangu, na Siku Ambazo Sikuumwa

Ejok, hamjambo, ndugu zangu wa Kakuma. Kiti mmenipa, asanteni, lakini nitasimama. Tangu mambo haya yanipate, nikikaa kidogo nasikia kama kuna kitu nimekiacha motoni.

Mimi nauza vitenge pale Lodwar. Nimezaliwa na sikoseli, huu ugonjwa wa seli za damu kupinda, kama hawa watoto wenu walioketi mbele. Figo zangu zilichoka nikiwa mtu mzima, na kaka yangu akanipa moja yake. Upasuaji sitausimulia. Tulitoka salama, nikarudi dukani, nikanenepa mpaka wateja wakanitania kwamba nakula faida yote peke yangu.

Halafu kukaanza kitu. Ndugu zangu, nawaambia, hakikuwa na maumivu. Nyinyi mnayajua maumivu yetu, yakija hata jirani halali. Hiki kilikuja kimya. Viatu vikabana, mkojo ukatoa povu, na mimi nikawa situlii: naingia, natoka, nakunja vitenge vilivyokunjwa tayari. Nikaenda zahanati moja. Wakapima damu wakasema kipimo cha figo ni cha kawaida, ni hili joto letu tu, nikanywe maji. Nikanywa. Povu likabaki, na roho haikukubali.

Nikapanda gari hadi Eldoret kwa daktari wa figo, mama mmoja mpole. Akalinganisha damu yangu ya zamani na ya sasa, akaacha kutabasamu. "Wengi wenu wa sikoseli mna misuli midogo," akasema, "kwa hivyo hiki kipimo hukaa chini hata figo ikiumia. Kawaida ya wengine si kawaida yako. Chako kimepanda mara mbili."

Nikamuuliza ni nini. Akasema pengine mwili unaikataa figo, pengine seli zangu zilizopinda zimeziba mishipa yake midogo, pengine ni dawa zenyewe ninazomeza kuilinda. "Na tiba ya moja inaweza kuchochea nyingine. Sitabahatisha. Nataka kinyama kidogo cha hiyo figo, nikitoe kwa sindano."

Nikaogopa, nikarudi nyumbani kufikiri. Habari za kukataa zikawafikia wazee. Mjomba akapiga simu: mwili haukatai kitu cha ndugu bila sababu, kaeni chini mtoleane vinyongo. Basi tukakaa, mimi na kaka. Tulichimba mpaka utotoni, tukapata ugomvi wa redio na kuku mmoja. Mimi nilicheka. Yeye akanitazama, akauliza polepole, "Kwani dada, mwili wako haunitaki?"

Swali lile liliniuma kuliko mifupa yangu ilivyowahi kuniuma. Kesho yake tukasafiri pamoja, nikachomwa ile sindano, na ukweli ni kwamba niliikubali kwa ajili yake.

Kungoja majibu, msiniulize. Nilitembea kwenye ujia wa hospitali mpaka askari wa mlangoni akataka kujua nimepotelewa na nani. Kaka alikaa kwenye benchi.

Daktari akatuita wote wawili. "Mwili haujaikataa figo," akasema. "Ni seli zilizopinda, zimeziba mishipa." Kaka aliinama akalia, mtu mzima na ndevu zake. Wakaanza kunibadilisha damu, wanatoa yangu, wanaweka ya watu wasio na ugonjwa huu. Polepole, povu likapungua.

Sisemi nimepona. Figo ilipoteza nguvu kidogo na haijazirudisha zote. Kila nikienda kupimwa, nautembea tena ule ujia mpaka niitwe. Lakini inafanya kazi, na leo niko mbele yenu.

Namshukuru kaka. Namshukuru yule daktari aliyekataa kubahatisha. Jirani yangu, mama wa Kisomali, aliniambia, "Wewe enda tu, duka mimi nakaa," na akakaa kweli. Na waliotoa damu sitawajua kamwe, Mungu awajue.

Kwenu wazazi nina neno moja. Tumezoea kusema "ni ile sikoseli yake tu," na mtoto asipolia tunashukuru, tunaendelea na kazi. Siku mtoto akikwambia, "Mama, siumwi popote, lakini siko sawa," mshike mkono mwende. Usingoje aumwe ndipo umwamini.