Fomu ya Dorah ya Kwenda Ziwani

Kijiwe cha Melania pale Kalangalala ni benchi moja refu, stuli mbili zisizolingana miguu, na birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Wateja wa asubuhi ni watu wa dhahabu. Yupo Matimba, fundi wa kufunga magogo yanayozuia udongo usiporomoke ndani ya duara, kama wanavyoita shimo la kuchimbia. Yupo Kipimo, mwenye mizani ya kununulia dhahabu na miwani ya kusomea magazeti ya wenzake. Yupo pia Mzee Karasha, aliyekaa na mashine ya kusaga mawe miaka mingi hadi anaongea kama bado inanguruma. Asubuhi hiyo Melania alikuwa ameweka karatasi chini ya kopo la kashata. Bintiye Dorah, wa darasa la sita, alikuwa amechaguliwa pamoja na wenzake kumi na wawili kwenda Nkome, kulala siku mbili kwenye mahema na kujifunza kupiga kasia ziwani. Mwalimu Rhoda angepita saa nne kuchukua fomu. Isiposainiwa, nafasi angepewa mtoto mwingine. Baba yake Dorah, anayechimba upande wa Kahama, alikwishasema kwenye simu: amua wewe, mimi nashuka chini.

Kipimo aliiona karatasi akaivuta.

— “Mafunzo ya kayaki ya baharini.” Mama Dorah, Geita hii bahari iko wapi?

— Ni aina ya chombo, kaka, Melania akasema taratibu. Wanakwenda Nkome.

— Karatasi haidanganyi. Hawa watoto wanapelekwa Tanga.

— Kwa siku mbili? akauliza Matimba.

— Kwani Tanga mtu hukaa mwezi?

Matimba akaichungulia picha ya kwenye fomu: mtu ameketi ndani ya tundu, miguu haionekani.

— Huyu ameshazikwa nusu. Na chombo chenyewe chembamba kama ganda la mhogo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Ndivyo maji yanavyoingia.

— Mnahangaika bure, akanguruma Mzee Karasha. Chini ya ziwa kuna dhahabu. Mtu mzima ni mzito, mtoto ni mwepesi. Wanafunga kifaa chini ya hicho kijitumbwi. Mtoto anapiga kasia, anacheka, kumbe anapima mwamba.

— Na mahema, mzee? akauliza Matimba.

— Ya kufichia sampuli.

Kipimo akavua miwani, akaivaa tena.

— Ndiyo maana wako kumi na watatu. Hiyo ni zamu kamili.

— Mkatalie, Mama Dorah, Matimba akasema. Mgaagaa na upwa hali wali. Umesikia? Hali. Atarudi amekonda.

Melania aliongeza kahawa. Tanga haikumtisha, wala kifaa cha Mzee Karasha. Kilichomnyima raha ni kwamba Dorah hakujua kuogelea. Mstari usemao kila mtoto atavaa jaketi la kuelea alikuwa ameusoma mara tatu, kwa kidole. Yeye mwenyewe aliishia darasa la saba, na tangu azaliwe ziwa alilijua kwa dagaa tu. Na jana alimkuta Dorah ameketi katikati ya kitanda na mwiko wa ugali, anapiga kasia kushoto na kulia, amenyamaza kabisa kama mtu aliye kazini.

Mwanamke wa makamo akatua ndoo ya dagaa kando ya benchi. Alikuwa mgeni hapo.

— Shikamoo, mama, Melania akamsalimu.

— Marahaba, mwanangu. Nipe kahawa. Mimi Mwanaima, natoka Nkome.

Benchi lote likamgeukia. Melania, ambaye hakuwa ameuliza mtu swali tangu alfajiri, akaweka birika chini.

— Mama, maji ya huko yakoje?

— Asubuhi ziwa limetulia, unaweza kujitazama. Jua likipanda, upepo unaamka. Hapo hata sisi tunatoka majini.

Melania akaangalia fomu. Kupiga kasia: Jumamosi, saa moja hadi saa tatu asubuhi.

— Usimdanganye, Matimba akasema. Maji hayana mshikio.

Mwanaima akamtazama magoti yenye udongo mwekundu.

— Wewe mwenyewe huingia shimoni kwa kutumia nini?

— Kwa kamba.

— Anaishika nani?

— Wenzangu wa juu. Watu wa kuaminika.

— Na wakisinzia?

Matimba akapangusa udongo magotini. Kipimo akafuta miwani ambayo haikuwa chafu. Mzee Karasha akaomba kashata, ingawa alikuwa na moja mkononi.

Melania akachukua kalamu. Akaandika jina lake lote, herufi moja moja, asivuke mstari. Chini, palipoandikwa maelezo mengine, akaongeza: mtoto hajui kuogelea, mama atakuwepo ufukweni. Akasoma tena, akarekebisha nukta.

— Jumamosi hapa hakuna kahawa, akasema.

— Mama Dorah, akalalamika Kipimo, na sisi?

 Melania alikuwa amemgeukia Mwanaima.

— Gari la kwanza la Nkome linaondoka saa ngapi?