Chungu cha Kumpongeza Oola

Naomba radhi kabla sijaanza, maana hadithi hii nitaiharibu. Wenyewe waliongea wote kwa mpigo, midomo imejaa kahawa, na mimi mahali pa kunyamaza huwa napapita mbio. Kijiwe chenyewe kiko Bukoto, nyuma ya maghorofa: ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya jiko la Sumayiya, ambaye kahawa yake ya tangawizi inaweza kumwamsha hata askari wa lindo. Kila saa kumi ya alasiri huketi hapo Kidega, anayeitwa Afande ingawa jeshini alipiga tarumbeta tu. Lawrence, anayeitwa Daktari kwa kuwa anawachapia wanafunzi wa udaktari kazi zao kule Wandegeya na husoma kurasa chache kabla ya kuzibana. Na Tresor, fundi cherehani Mkongo, anayeitwa Nabii kwa sababu hushona huku akiomba. Wa nne ni Oola. Zamani aliitwa Tangi. Siku hizi hanywi, na hakuna aliyempatia jina jingine.

Siku hiyo Kidega alifika na furaha yake, akashika kikombe na kuanza hadithi ambayo wote waliijua.

— Mimi nilikuwepo Kitgum, akasema. Tunamzika mama yake huyu Oola. Jeneza bado liko nyumbani, huyu ametangulia kaburini. Chali, anakoroma. Tukamtoa kwa kamba za jeneza. Mchungaji akaniuliza kama abadilishe jina la marehemu.

Wakacheka. Kidega alikuwa ameisimulia mara nyingi hata akajua pa kuvuta pumzi. Oola naye alicheka, akitazama ndani ya kikombe.

— Na tangu hapo hajagusa, akasema Tresor. Ni ule udongo. Udongo wa kaburi la mama ukiingia puani, pombe yote inatoka. Kwetu Butembo kuna mzee alilazwa kaburini akiwa mzima, kutwa nzima. Kesho yake akaacha pombe, sigara na mke wa pili.

— Nabii, wewe unaongopa mpaka malaika wanaziba masikio, akasema Lawrence. Ni ini. Nimechapa kitabu kizima juu ya ini. Ini likichoka linafunga geti. Pombe ikifika inaambiwa rudi ulikotoka.

— Inarudi wapi?

— Miguuni. Ndiyo maana walevi wanavimba miguu.

— Mbona ya Oola haijavimba?

— Kwa sababu ameacha, ssebo. Si ndicho ninachosema?

Kidega akatikisa kichwa kama mwalimu aliyechoshwa na darasa.

— Hamjui kitu. Ni mshtuko. Kwenye bendi yetu kulikuwa na mtu wa tarumbeta ya pili, radi ilimpiga akiwa ameishika. Tangu siku hiyo akinusa waragi, meno yanapiga gwaride. Sasa huyu alipigwa na radi ya chini.

— Radi ya chini iko wapi?

— Kitgum ipo.

— Si mumuulize mwenyewe, akasema Sumayiya, akimimina.

Wakageuka kumtazama Oola, kana kwamba ndiyo kwanza ameketi.

— Sijapona, Oola akasema. Saa kumi ikifika, mikono inaanza kutafuta. Basi nakuja hapa, naipa kikombe. Giza likiingia, siku imepita. Mke wangu Adoch amesema nikifika Krismasi hivi hivi, atarudi na watoto. Ni hiyo tu, hakuna radi.

Kidega akaona huo ndio mlango wake wa kuingilia.

— Ndiyo maana leo tunasherehekea, ndugu yangu. Nimekuagizia chungu kule kilabuni kwa Lakica. Malwa ya ulezi mtupu. Mrija wako bado umening'inia pale ukutani, Lakica amewakatalia watu wote. Leo ameuchemsha.

— Afande, mimi nimeacha pombe.

— Nani ametaja pombe? Ulezi ni uji. Mtoto anaachishwa ziwa kwa ulezi.

— Kitaalamu ni kweli, akasema Lawrence. Malwa ni uji ulioharakishwa.

— Na tutauombea kwanza, akasema Tresor.

— Mtauombea usileweshe, akauliza Sumayiya, au mtamwombea huyu asiende?

Tresor akanywa kahawa yake.

— Mimi nitakaa hapa tu, akasema Oola.

— Basi twende ukae pale, usinywe. Utazame sisi.

— Nikiwatazama nitakunywa, Kidega. Unanijua.

— Banange, Lakica ameshamwaga maji ya moto chunguni. Malwa haingoji mtu. Chungu cha kukupongeza, wewe mwenyewe hupo, watu watatuelewaje?

Sumayiya akainamisha birika. Likatoka tone moja na machicha. Kahawa imekwisha, na jua bado liko juu ya maghorofa. Siku zote hiyo ndiyo ilikuwa ishara ya kwenda kwa Lakica, na miguu ya watatu wale ilianza kujipanga yenyewe.

Hapo akajitokeza mwanamke mwenye bunda la vitenge kichwani. Alikuwa Monique, mgeni kutoka Bukavu, aliyehamia nyumba za nyuma juzi tu. Alikuwa amesimama kando akingoja zamu yake ya kahawa, na maneno yote ameyasikia.

— Samahani, wababa, akasema. Mpaka giza liingie, nani anabaki na huyu?

Lawrence akatoa simu iliyokuwa imezimika, akaisoma. Tresor akatazama mbinguni. Kidega akafungua mdomo, kwa sababu tangu utoto mzaha huwa unakuja wenyewe anapoufungua. Haukuja. Kilichokuja ni povu la malwa likipanda shingoni mwa chungu, na nafasi yake kwenye duara la wanywaji, na hofu kwamba mtu atakuwa ameikalia. Akatazama magoti yake. Mikono yake mwenyewe ilikuwa inapapasa suruali.

— Kesho, akamwambia Oola. Kesho nitakaa na wewe.

— Kale, sawa, akajibu Oola.

Monique akatua bunda lake, Oola akasogea pembeni apate pa kuketi. Sumayiya akaongeza maji juu ya machicha, akapuliza makaa.

Wale watatu wakaondoka, na aliyetangulia mbele, karibu akimbie, alikuwa Kidega. Msiniulize nimejuaje yaliyokuwa kichwani mwake. Huyo ndiye ninayemnyoa ndevu kiooni kila asubuhi, na siku hizi hanitazami machoni.