Maduara Mekundu Juu ya Picha Isiyo Yangu

Mheshimiwa Afisa Elimu, Mwenyekiti wa Kamati ya Wazazi, Mwalimu Mkuu, walimu wenzangu, ndugu wazazi, nawe mama yangu uliyechagua kiti cha karibu na mlango: nawasalimu nyote kwa heshima. Mniwie radhi nikizungumza huku nahamahama. Tangu picha ile itoke, kutulia mahali pamoja kumenishinda.

Nimeambiwa niseme machache ya kuaga. Keki imeshakatwa, zawadi imefungwa vizuri, na Mwalimu Mkuu amenisifu mpaka nikageuka nyuma kumtafuta huyo anayesifiwa. Nashukuru. Ila sasa tuongee kile ambacho hotuba zote za leo zimekikwepa kama shimo la barabarani.

Fundi wetu wa kompyuta alichukua uso wangu kwenye picha ya mahafali, akaiagiza programu iupachike kwenye mwili wa uchi. Mwili ule si wangu. Uso ni wangu. Je, mtu akiniuliza ile ni picha ya nani, nimjibu nini?

Nanyi wenzangu, nani atasema hamkunitetea? Mlinitetea kiualimu. Mlikaa ofisini mkaisahihisha. Mwalimu wa sayansi alizungushia duara jekundu kidole cha sita, akazungushia kivuli kilichoangukia upande wa jua, akazungushia sikio lisilotogwa, kisha akaandika chini: "Si yeye. Tazameni wenyewe." Mkaituma kwa wazazi wote, ili wazazi wasiamini. Usahihishaji safi, ningeupa alama zote. Ile ya fundi ilikuwa imewafikia watu wachache tu. Hii yenye maduara ilifika mpaka kwa muuza mkaa wa mtaani kwetu. Ikamfikia na mama.

Mama alinipigia simu, akasema, "Nimetumiwa kitu, mwanangu. Nimekifunika kwa kidole, nikabakiza uso. Umekula?" Nikamwambia nimekula, na wala sikuwa nimekula. Niliona aibu, jamani, aibu ya jambo ambalo sikulifanya, na hata sasa nikisimama hapa bado naiona.

Sheria sasa ipo. Inasema kutengeneza picha ya namna ile bila ridhaa ya mwenyewe ni kosa, kuisambaza ni kosa, na haiulizi kama uliisambaza kwa kucheka au kwa huruma. Ndiyo maana ofisi ya walimu imekuwa kimya namna hii. Fundi anakana kwamba aliwahi kumtumia mtu yeyote. Mwendesha mashtaka anahitaji shahidi mmoja aliyeipokea kutoka kwake moja kwa moja, na kila ninayemuuliza ananiambia ilimfikia tu, kama mvua inavyomfikia mtu. Mnaogopa kwamba atakayesema aliipokea ataulizwa aliipeleka wapi. Naielewa hofu hiyo, maana nami naogopa. Lakini asipopatikana mtu, kesi itafutwa Jumatano, na fundi atarudi kwenye chumba cha kompyuta, mbele ya mabinti zenu, na picha zao za mahafali anazo.

Mlidhani uhamisho utanipa nafuu? Kwani huko niendako watu hawana simu? Mheshimiwa Afisa Elimu, ulinitakia mema, nami nakuomba radhi mbele ya hadhara hii: siendi. Asubuhi nimemweleza Mwalimu Mkuu, akaniomba nisiwaharibie sherehe. Keki tule, haina kosa. Jumatatu nitakuwa darasani na mito na mabonde yangu kama kawaida.

Namwona mwalimu wa sayansi amesimama. Hapana, mwalimu, ya nani alikutumia picha ile usiyaseme hapa. Hapa watakupigia makofi, halafu makofi yataisha, na kila mtu atakwenda zake. Yaseme Jumatano, mbele ya hakimu, huku fundi akikutazama usoni. Wakikuuliza juu ya yale maduara, waambie ukweli kwamba ulitaka kunisaidia na ukaniumiza. Nitakuwa nimeketi kiti cha mbele, na mama yuko nami.

Kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo, asanteni kwa kunisikiliza bila kunikata kauli. Nawe keti kwanza, mwalimu. Nami naenda kuketi na mama, karibu na mlango.