Begi Nyuma ya Mlango

Benchi letu liko ubavuni mwa duka la fundi nguo tunayemwita Cherehani, na kahawa nachemsha mimi, kwa hiyo maneno yote hupita kwangu kwanza. Juzi Cherehani alishika kikombe hadi kikapoa. Binti yake ana wiki tatu tangu arudi kutoka nchi ya mbali, alikokwenda miezi sita kujitolea, na baba mtu hana raha.

— Amebadilika, akasema. Zamani kumtoa kitandani ilikuwa vita. Sasa naamka nakuta maji ya kuoga tayari, ameshayapima joto kwa kiwiko. Jana kanikata kucha.

— Anataka simu, akasema Chaja, fundi simu. Hakuna kucha za bure.

— Simu wapi. Huyo kachumbiwa huko, akasema Mzee Faili, karani mstaafu. Anafanya mazoezi ya ndoa.

— Kwa kucha za baba yake? akauliza Chaja.

— Ulitaka aanzie za nani?

Nikawaambia waache upuuzi, safari humkomaza kijana, basi.

— Kwa miezi sita? akasema Chaja. Wametubadilishia. Wa kwetu wamebaki naye, wametuletea mwingine.

Tukacheka. Cherehani hakucheka.

— Anaongea nami polepole, kwa sauti ya juu, ananitazama usoni. Kila jioni ananiuliza siku yangu ilikuwaje, halafu anangoja jibu. Na begi lake bado liko nyuma ya mlango, hajamaliza kulifungua. Ananiaga huyu. Ataondoka tena, na safari hii harudi.

Mama mmoja aliyekuwa akingoja sare ya mwanawe akatuangalia mmoja mmoja.

— Samahanini, wazee wangu. Huko alikuwa anafanya kazi gani?

— Kujitolea, tukajibu kwa pamoja.

— Nimesikia. Na maji, kucha, sauti ya juu, ndivyo wanavyotunzwa wazee. Kujitolea kufanya nini?

Chaja akamtazama Faili. Faili akanitazama mimi. Mie nikapepea makaa yaliyokuwa yanawaka vizuri tu.

— Sijamuuliza, akasema Cherehani. Yeye ananiuliza kila siku. Mimi wiki tatu, hata mara moja.

Akampa mama sare yake, akafunga duka saa tisa mchana, jambo ambalo sijaliona tangu nimfahamu, akashika njia ya nyumbani.

Faili akasema labda tumsindikize, na sisi tukasikie. Nikamwambia akae chini anywe kahawa.