Fundi Waziri na Goti la Chanceline

Baada ya miaka thelathini na sita ya kukereza chuma katika karakana yetu ya Rumonge, Fundi Waziri Amisi anastaafu tarehe 31 Desemba 2025.

Alianza kwa kufagia machicha ya chuma, hadi mkuu wa karakana alipomwachia mashine ya kukereza. Tangu hapo, vyuma vingi vya mitambo ya kukamulia mawese, kutoka hapa hadi Nyanza-Lac, vimepita mikononi mwake. Ana desturi ya kuimba anapofanya kazi, na kwa sauti mbaya kweli. Tumemvumilia.

Lakini kazi tutakayoisimulia zaidi ni ya mwaka juzi. Chanceline, mkaushaji wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, kule Gitaza, alikuwa amepoteza mguu katika ajali ya barabarani. Goti la mguu wake wa bandia likavunjika, na la kuagiza kutoka nje halikujulikana lingefika lini. Kaka yake Casimir, mchomeleaji wetu, akamletea Waziri vipande vile vilivyovunjika.

Waziri alitengeneza goti la chuma cha pua. Lilikuwa imara, liking'aa kama kioo. Chanceline alijaribu kutembea, akaketi, machozi yakimlengalenga.

"Fundi, murakoze sana, lakini huu muguu iko nzito. Inanivuta chini."

"Usilie, mwanangu," Waziri akamjibu. "Ni mimi ndiye sijamaliza."

Akayeyusha pistoni kuukuu za alumini, akamimina goti jepesi. Alipolibana kwenye jiliwa ili alijaribu, likapasuka: ndani lilikuwa na vitundu vya hewa. Siku ile hakuimba. Aliwaza, alituambia baadaye, lingempasukia yule binti akiwa amebeba beseni kichwani.

Wakati huo tulikuwa tumepata mashine mpya ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, na Waziri alikuwa akiipita mbali kama mbwa asiyemjua. Asubuhi iliyofuata alivuta kiti, akaketi kando ya Anita, teknisheni wetu.

"Mwalimu, nifundishe."

"Papa Waziri, usiniite mwalimu, naona haya!"

"Basi nifundishe hivyo hivyo, na haya zako."

Anita akachora goti kwenye kompyuta, wakalichonga pamoja kutoka kipande kizima cha alumini, wakikinyunyizia mafuta ya taa ili kisinate kwenye kisu. Pini ya chuma cha pua na bushi ya nailoni Waziri alizikereza kwenye mashine yake ya zamani. Wataalamu wa miguu bandia walilipima, wakaridhika, wakalifunga.

Chanceline alisimama. Alivuka uwanja wa karakana hadi getini, akageuka, akarudi akicheka. Casimir alivaa miwani yake ya kuchomelea ingawa hakuna aliyechomelea chochote. Tangu siku ile Waziri na Anita wamewatengenezea wengine magoti, na Anita ataendelea na kazi hiyo.

Fundi Waziri, asante kwa subira yako, na kwa kutuonyesha kwamba kazi iliyokataliwa inaweza kuanzwa upya bila kununa. Pumzika, kula samaki kabla hajapoa, imba upendavyo.

Nawe Mama Mariyamu, tulimwazima mumeo siku nyingi. Leo tunamrudisha nyumbani, na vidole vyake vyote kumi vipo. Muwe na maisha mema, nyote wawili.