Vigelegele vya Theta Siku Nafuna Alipofariki

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Kama kuna sufuria jikoni, punguza moto kwanza. Leo tunamkumbuka Nafuna.

Jenifa Nafuna, mzaliwa wa Bungoma. Mama yake Becky. Mwanamke wa mboga za kienyeji, pale Theta, kati ya Ruiru na Thika. Alifariki mjini Thika, siku ya Alhamisi, mwezi uliopita. Alikuwa ametoka kwenye usaili wa kuomba grant ya biashara yake. Hayo tunayajua kwa hakika. Mengine, hata waliokuwapo wanayasimulia huku wakijikuna kichwa.

Aliyechanganyikiwa kuliko wote ni Nyawira. Nyawira ni rafiki yake Nafuna, na mshirika wake katika biashara. Mmoja Mbukusu, mwingine Mkikuyu. Shamba lilikuwa la Nyawira. Mdomo wa kuuza ulikuwa wa Nafuna. Nyawira amekubali tuyasimulie aliyoyapitia, ingawa siku za kwanza alikuwa hataki hata kutoka nje ya boma lake.

Walikutana kwa kugombana. Kabla ya hapo Nafuna alikuwa mchuma kahawa katika shamba moja kubwa la Ruiru. Shamba likauzwa, likakatwa ploti, na wachumaji wakaambiwa kwaheri. Nafuna akapanga chumba mtaa wa Mwihoko, akaanza kutafuta mboga za kuuza. Ndipo siku moja akafika Theta, akamkuta mwanamke ameinama shambani, anang'oa mrenda na kuutupa kando ya ua.

"Wewe mama! Unatupa mboga!" Nafuna akapiga kelele kutoka barabarani.

Nyawira akainuka na jembe lake. "Mboga gani? Haya ni magugu."

"Magugu ni wewe! Hiyo ni mrenda!"

Wasikilizaji wapendwa, hivyo ndivyo urafiki ulivyoanza. Nafuna aliokota ule mrenda wote. Kesho yake akarudi na bakuli, mrenda umepikwa na kunde, unavutika. Nyawira alionja kijiko kimoja, akakunja uso, akasema unateleza kama makamasi. Lakini alimaliza bakuli. Tangu siku hiyo hakung'oa tena mrenda. Akawa anaupanda kwa mistari, pamoja na managu, yaani mnavu, ambayo Nafuna aliyaita sucha, na saga, yaani mgagani, na kunde. Nafuna akabeba magunia hadi Mwihoko na Mwiki, kwa watu wa kwao waliokuwa wamechoka kula sukuma wiki kila siku.

Biashara ikashika. Lakini mvua ikinyesha, mboga zote hukomaa kwa pamoja. Nani atazila zote? Zikawa zinaoza. Wakajaribu kuzikausha juu ya mabati. Malori ya mawe yanapita, vumbi linatua. Kuku nao wanapanda, wanajihudumia. Nafuna akaota nyumba ya kukaushia, yenye paa la plastiki linalopitisha jua, mboga zilale humo kwa usafi, zifungwe kwenye pakiti, ziuzwe hata wakati wa kiangazi. Hiyo ndiyo ndoto yake. Nyumba ya kukaushia mboga.

Tangazo walilisikia kanisani. Shirika moja lilikuwa linatoa grant kwa biashara ndogo za vijijini. Ruzuku, kwa Kiswahili chetu cha redioni. Nyawira alishtuka zaidi ya kufurahi.

"Hiyo ni mkopo," alisema.

"Si mkopo. Hairudishwi."

"Kama hairudishwi, si hiyo ni wizi?"

"Wanakupa, Nyawira. Wanakupa tu."

"Na wao wanapata nini? Ngai! Hawa wanataka shamba yangu."

Usiku huo Nyawira aliitoa hati ya shamba kabatini akaificha ndani ya gunia la mahindi. Anacheka sasa akikumbuka. Wakati ule hakucheka.

Becky ndiye aliyewasaidia. Becky ni bintiye Nafuna, anasuka nywele Mwiki, na Kiingereza anakijua. Walikaa watatu, simu ya Becky katikati, maswali yakisomwa moja moja. Wasikilizaji, yale maswali! Je, biashara yenu iko kijijini? Wakatazamana. Upande mmoja wa shamba la Nyawira kuna mahindi na ng'ombe. Upande wa pili jirani amejenga ghorofa, wapangaji wanaanika nguo kwenye balkoni. Theta ni kijiji au ni mji? Nyawira akasema inategemea umesimama wapi. Nafuna akasema, "Weka kijijini. Mpaka huyo wa ghorofa anunue ng'ombe wote."

Kisha likaja swali, exit strategy yenu ni ipi. Becky akalitafsiri, mtatoka vipi. Nyawira akatazama mlango.

"Tutoke twende wapi?" Nafuna akauliza. "Si ndio tumefika?"

Becky akaandika hivyo hivyo. Nafikiri pale shirikani kuna mtu alicheka vizuri, kwa sababu baada ya muda wakaitwa Thika kwa usaili. Mwakilishi mmoja tu. Bila mjadala, akawa Nafuna.

Asubuhi ya Alhamisi, Nafuna alipitia kwa Nyawira amevaa gauni la kitenge na viatu vya Jumapili. Mkononi ana pakiti ya sucha zilizokauka. Alikuwa na presha ya damu, wasikilizaji wapendwa. Alijua ana presha. Becky pia alijua. Nyawira hakujua. Aliona tu rafiki yake anashika ukuta kidogo akipanda ngazi ya veranda, akamtania.

"Unatetemeka. Unaogopa wazungu?"

"Hakuna wazungu huko. Nimeuliza. Ni Wakamba."

Wakacheka. Becky, aliyekuwa anamsindikiza mama yake, alikuwa akingoja barabarani, wakaondoka pamoja. Hiyo ndiyo mara ya mwisho Nyawira kumwona rafiki yake akiwa hai.

Siku hiyo Nyawira hakulima. Alikaa na simu mapajani. Jirani yake, Mzee Njau, anayefuga kuku, akaja kungoja naye. Theta nzima ilikuwa inajua. Wanawake wa kanisa nao wakapita kuuliza, wakaishia kukaa. Kufikia saa nane veranda ilikuwa imejaa. Mtu angepita angedhani kuna harambee.

Simu ikalia. Ni Becky. Mtandao unakwaruza. Nyawira akaibana kwenye sikio, akaziba lile lingine kwa kidole.

"Auntie? Auntie, mum amepass..."

Laini ikakatika.

Wasikilizaji wapendwa, hebu simameni hapo pamoja naye. Mtoto akifaulu mtihani, hapa kwetu tunasema amepass. Mtu akipata leseni ya gari, amepass. Umekaa kutwa nzima unangoja matokeo ya usaili. Unapigiwa simu unaambiwa mama amepass. Wewe ungefanya nini?

Nyawira aliruka. Alipiga ngemi, vile vigelegele vya Wakikuyu vinavyotoka tumboni. Alipiga vile vitano anavyopigiwa mtoto wa kiume akizaliwa. Wanawake wakajibu. Ghorofani wapangaji wakatoka kwenye balkoni, na wao wakapiga bila kujua ni kwa nini. Mzee Njau alikwenda mbio akarudi na jogoo. Mtu akaanzisha wimbo wa kanisa. Nyawira alicheza katikati ya shamba lake, kati ya mistari ya mrenda, analia kwa furaha, anasema, "Nafuna! Nafuna wangu! Wacha arudi!"

Kisha akakumbuka hajampongeza mwenyewe. Akapiga namba ya Nafuna. Becky akapokea.

"Becky! Mpe mama simu nimpongeze!"

"Auntie... si nimekuambia?"

"Umeniambia, amepass, tumesikia! Theta yote imesikia! Mpe simu."

Nyuma yake wanawake wanaimba, wanaita Nafuna, Nafuna. Becky aliusikia ule wimbo. Alivisikia vile vigelegele. Becky anasema kwa muda kidogo alidhani simu imeingiliana na harusi ya watu. Halafu akaelewa. Akaliacha lile neno lake la Kiingereza, akachukua la Kiswahili.

"Auntie, mama amekufa."

Nafuna alimaliza usaili vizuri. Alitoka nje, akamwambia Becky ana kiu. Akakaa kwenye ngazi za jengo. Becky alivuka barabara kununua maji, na aliporudi, mama yake alikuwa ameinama upande mmoja. Watu wakamkimbiza hospitali. Daktari akasema amefika akiwa ameshafariki. Ni presha. Ni moyo. Becky alikuwa anataka kusema kwa Kiingereza, kama vijana wengi wanavyosema sasa, kwamba mama amepass on. Lile neno dogo la mwisho, on, likabaki hewani, mahali fulani kati ya Thika na Theta.

Nyawira hakujua aiweke wapi simu. Alisema kwa lafudhi ya kwao, "Raini ilikatika," akarudia, "Raini ilikatika," na wanawake wakaendelea kuimba kwa sababu hawakuwa wamesikia. Alijaribu kuwanyamazisha kwa mkono. Wakadhani anacheza, wakaiga ule mkono. Mzee Njau ndiye aliyemtazama usoni kwanza. Jogoo alikuwa bado hai mikononi mwake. Akamwachilia.

Matanga yaliwekwa Mwihoko, nyumbani kwa Nafuna. Nyawira hakwenda. Alipika chakula, akakituma, akabaki nyumbani. Theta ni pahali padogo na maneno hayana kazi nyingine. Kuna waliosema alifurahia kwa sababu biashara yote sasa ni yake. Kuna waliosema ngemi za namna hiyo huleta mkosi. Yeye mwenyewe aliogopa uso wa Becky tu.

Jumamosi Becky akaja mwenyewe, na kitambaa cheusi kichwani. Akamkuta Nyawira amekaa chini, mgongo ukutani.

"Auntie, tunasafirisha mama Jumatatu. Mbona hauji?"

"Nije na uso gani? Nilimchezea, Becky. Nilimchezea mtu amekufa."

Becky akakaa chini pia. Alisema hivi, nami nimemwomba ruhusa niyarudie maneno yake. "Mimi nilikuwa pale hospitali peke yangu. Kila mtu ananiuliza kitambulisho, bima, nani atalipa. Hakuna mtu alimtaja mama kwa jina. Ukanipigia, nikasikia watu wengi wanaita Nafuna, Nafuna. Nilikasirika sana. Lakini usiku nikafikiria, hao ndio watu wa kwanza walimtaja."

Nyawira alisafiri hadi Bungoma. Alitupa udongo kaburini kama wengine. Mboga zilipikwa kwenye matanga, na wenyeji wakashangaa kumwona Mkikuyu akiomba kuongezewa mrenda.

Waliporudi, dada mmoja wa lile shirika alimpigia simu. Akasalimia vizuri, akasema, "Hongera, kikundi chenu kime..."

"Ngoja!" Nyawira akamkata. "Sema kwa Kiswahili. Polepole. Ni nani, na amefanya nini."

Dada wa watu akachanganyikiwa. Akasema polepole kwamba maombi yamekubaliwa. Nyumba ya kukaushia itajengwa. Nafuna alikuwa ameshinda kweli. Jopo liliamua mchana ule ule, wakati vigelegele vinapigwa Theta, au kabla kidogo, au baada kidogo. Nyawira ameuliza sana saa kamili. Hakuna aliyeiangalia.

Kwa hiyo wasikilizaji wapendwa, Nafuna alipasi au hakupasi? Nyawira alipiga vigelegele vya haki au vya makosa? Mimi nimekaa na habari hii siku kadhaa na sijui. Najua tu kwamba Nafuna wa Theta alifariki siku ya Alhamisi, na siku hiyo hiyo ombi lake likakubaliwa.

Kwa Becky, pole sana, mwanetu. Kwa ukoo wote wa Bungoma, kwa majirani wa Mwihoko na Theta, poleni. Mungu amrehemu Jenifa Nafuna.

Na sisi tuliobaki, tutafakari. Ukiwa na presha, mwambie rafiki yako, hata kama ni wa kutaniana. Na ukilazimika kupiga simu ya msiba, tumia neno lililonyooka. Amefariki. Linauma kulitamka, lakini anayelipokea hatalazimika kulisikia mara mbili.

Nilipomtembelea Nyawira wiki hii, mafundi walikuwa wanachimba mashimo ya nguzo. Nilimuuliza kama anajuta.

"Nimejaribu kujuta," akasema. "Imekataa. Ile furaha ilikuwa yake yote, hata tone moja halikuwa langu. Sasa niambie, wewe wa redio, nitampelekea wapi furaha yake?"