Dada Spana Anakuja kwa Pikapu Yake

Huyu tunayemsindikiza leo ni dada yetu, mtoto wa pili wa fundi bomba na mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Dada Spana. Nimeambiwa niandike kwa heshima. Nitajitahidi, ingawa heshima ya kunyamaza yeye mwenyewe hakuiweza.

Alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1951, mimba ikiwa ya miezi saba tu. Mkunga akamtazama, akasema huyu jioni hafiki. Mkunga yule katangulia zamani. Dada kachelewa jioni yake kwa miaka sabini na miwili.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1965, akamaliza darasa la saba. Alifukuzwa mara moja, siku tatu, kwa kuifungua saa ya ukutani ya mwalimu mkuu aone kinachoisukuma. Alipoirudisha ilikuwa imeacha kuchelewa, na tangu siku hiyo wakaonekana wanaochelewa ni walimu.

Mwaka 1970 aliajiriwa kiwandani kushona sare. Cherehani yake ikakwama, fundi haonekani, akaifungua mwenyewe. Hakushona tena. Alitengeneza cherehani za kiwanda kile miaka thelathini na moja, hadi alipostaafu Desemba 2001.

Tarehe 6 Agosti 1974 aliolewa na mpiga chapa, mtu mpole, wakajaliwa mabinti wawili. Shemeji alikuwa akisema, "Nyumba yangu ikiwa kimya, najua mke wangu hayupo." Alitutoka mwaka 2009.

Msiba ule ulipoisha, kaka yetu mkubwa alimwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje kuchukua pikapu ya marehemu baba, ya mwaka 1957. Ilikuwa imekaa uani juu ya matofali zaidi ya miaka ishirini, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Dada akawahi na trekta, akaivuta hadi kwenye banda la mabati ubavuni mwa nyumba yake. Basi tukaenda kumkalisha kikao. Tulikuta miguu tu imechomoza chini ya gari.

"Mtu mzima, mjane, bibi wa watu, unagaragara chini ya chuma!" kaka mkubwa akafoka.

"Endelea kaka, nakusikia. Ila nipe kwanza hiyo spana namba kumi na tatu, ipo karibu na mguu wako."

Akampa. Kikao kikafungwa hapo hapo.

Februari 2019 moyo ulianza kumsumbua, akalazwa wiki tatu. Sasa, dada alikuwa na utaratibu wake. Kila nati na bolti aliyofungua aliiweka kwenye kopo la maziwa lenye kitambaa: chekundu cha injini, bluu cha gia, njano cha milango. Kuna mtu, katika kumhurumia, alikwenda bandani akamwaga makopo yote na kuzipanga nati na bolti upya kwa ukubwa, ndogo na ndogo, kubwa na kubwa. Zilipendeza kweli. Mtu huyo ndiye anayewasomea karatasi hii.

Aliporuhusiwa kutoka hospitali alisimama mlangoni mwa banda, ameshika fimbo.

"Nani kanipangia?"

"Mimi, dada. Nimekusaidia."

"Umenisaidia kama panya anavyosaidia ghala."

Nikahukumiwa. Kila Jumamosi, miezi kumi na moja, nilijaribu bolti moja moja kwenye tundu moja moja, yeye kakaa kwenye kiti ananicheka. Ndiyo maana leo hakuna bolti ya pikapu ile nisiyoijua. Daktari akimwambia apumzike, alijibu, "Napumzika, daktari. Anayetoka jasho ni mdogo wangu."

Tarehe 2 Juni 2023 injini iliwaka. Ikanguruma dakika nne, kisha akaizima mwenyewe.

"Imetosha. Safari ya kwanza ni yangu, nikiwa nyuma nimelala. Gari la kukodi silipandi, na atakayenipandisha nitamtokea."

Alifariki hospitalini Jumanne, tarehe 8 Agosti 2023, saa nne asubuhi, moyo ukiwa umechoka. Moyo tu. Mengine yote yalikuwa bado yanabishana.

Nilipopeleka karatasi hii kuchapwa, kaka mkubwa alitaka niandike kwamba mwili utaletwa na gari la kukodi. "Hilo dude litatuaibisha njiani!" Nimeandika pikapu. Ikigoma, tutaisukuma. Isiposukumika, tutaivuta. Na kama dada kaja na gari jingine, basi mimi ni mwongo, chimbeni shimo la pili.

Ameacha mabinti wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, kaka mkubwa, mimi mdogo wake wa mwisho, na pikapu ambayo haiuzwi. Mnunuzi wa vyuma, kama umekuja, pole kwa msiba na usipoteze muda.

Haya ya mwisho hayamo kwenye karatasi zenu. Nimeyaongeza kwa kalamu asubuhi hii. Pikapu iligoma mara mbili. Mara ya tatu kaka mkubwa alivua koti, akasukuma, ikawaka. Ile inayopoa pale getini ndiyo hiyo, na ule mkono mweusi wa masizi ni wa kaka.

Dada, umefika ulivyotaka. Sasa pumzika kwa amani, na safari hii hatukubali ubishi.